Kinachoyeyuka Kiganjani

Vardø, Januari. Jua halijachomoza tangu Novemba
na halina haraka.
Kiwandani mama yangu, Gudveig, amesimama mkandani,
mwaka wa thelathini na moja,
buti za mpira, aproni ya manjano,
na mashine inamvua chewa ngozi
kama mtu avuavyo soksi iliyolowa.

Minofu huenda Ureno. Ngozi zilikuwa zikirudi
baharini zilikotoka, au kwa mbweha wa kufugwa.
Siku hizi zinapangwa kwenye ndoo za buluu,
zinapimwa, zina bei.
“Taka imepanda cheo,” husema mama,
na mikono yake imepasuka kwa chumvi
hata simu haikitambui tena kidole chake.

Anayezipokea ni mimi. Tromsø, maabara, ghorofa ya pili.
Naziosha, nazilaza katika asidi hafifu,
nyuzi nne za joto, siku mbili, mlango umefungwa.
Kinachobaki ni ute mweupe,
na ndani ya ute, kamba.

Ngoja nikueleze kamba.
Nyuzi tatu zimesokotana, moja juu ya nyingine,
na kila hatua ya tatu ameketi glisini,
mdogo kuliko asidi zote,
kwani katikati ya msokoto mnene hapati nafasi.
Prolini hupinda.
Haidroksiprolini hukaza,
na kazi ya kukaza haifanyiki bila vitamini C:
ndiyo maana mabaharia wa zamani, wakikosa matunda,
walitoka damu kwenye fizi,
na makovu ya utotoni yakafunguka upya
kana kwamba mwili umesahau ulikoshona.

Chewa, mzaliwa wa maji ya barafu,
alijaliwa mikazo michache. Hakuihitaji.
Kamba yake iweke kiganjani: inalegea,
inakuwa maji kabla hujamaliza kuitazama.
Samaki hakujua kwamba kuna viganja.

Krismasi mama alinunua kopo dogo kwenye duka la dawa.
Krona mia nne tisini na tisa.
Kifuniko cha dhahabu, picha ya wimbi,
na ahadi kwamba kilichopotea kitarudi.
“Ni ngozi zangu hizi, Sunniva?”
Huenda, nikasema.
“Zinaingia?”

Ningeweza kunyamaza.
Nikamwambia: molekuli nzima ni daltoni laki tatu,
na ukuta wa ngozi ya mtu
hupitisha vyenye mia tano, au karibu na hapo.
Ni trola kwenye tundu la ufunguo.
Hata tukiikata kwa vimeng'enya, vipande bado ni vikubwa.
Inabaki juu, inashika maji,
na hilo si haba, lakini halirudishi kitu.

Na ya kunywa? Tumbo halisomi lebo.
Linavunja kila kitu, kamba na uji wa shayiri,
ingawa vipande vidogo, viwiliviwili, huponyoka hadi damuni,
na labda seli zinazosuka zikiviona
hudhani kuna kilichokatika, zikaanza kusuka.
Labda.
Majaribio ni madogo, na mara nyingi
mlipaji ndiye muuzaji.

Nilitarajia acheke, au arudishe kopo dukani.
Akafungua. Akachota kwa kidole kilekile,
akapaka kwenye nyufa, polepole,
kama anayeziba dirisha kabla ya dhoruba.
“Haipiti?”
Haipiti, mama.
“Basi itakaa nje na mimi.”
Iliyozidi akanipaka mimi, bila kuniuliza.

Jumatatu ndoo ya buluu ikafika.
Kati ya ngozi, glovu yake,
imechanika kwenye gumba.
Nikaiweka kwenye mizani kwa mazoea.
Gramu tisa.
Nikaandika daftarini,
na sijafuta.